Saa Nne ya Paje

Wenzangu mliobaki kazini mmeniuliza kwa nini seva ya mjini na seva ya Paje zinanakiliana kumbukumbu za wagonjwa kwa mpango ambao hamjaukuta katika kitabu chochote. Mmoja wenu kaandika kuwa mpango wenyewe "wa polepole na wa kizee". Ni kweli, na mzazi wa mpango huo hakuwa mhandisi. Nimeondoka kazini nikiwa na miaka arobaini na saba. Mimi naita kustaafu. Mke wangu anaita kushindwa kukaa pahala pamoja. Kabla sijaondoka tena nakuachieni maelezo haya, ili siku mtakapotaka kuubadilisha mpango huo, mjue mnabadilisha nini.

Niliingia hospitali ile kwa kazi ya siku tatu. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na miaka kadhaa ya kutangatanga: Tanga nilipanda minara ya redio, Mombasa nilitengeneza mafriji ya hoteli, na kila mji nilioondoka niliukumbuka kuliko niliokuwamo. Nikaitwa kufunga antena moja juu ya paa. Nikakaa miaka kumi na sita, kwa sababu kila nilipotaka kuondoka kulikuwa na kitu cha kustaajabia ambacho sijamaliza kukistaajabia.

Jumba lenyewe mnalijua: nyumba ya zamani ya Mji Mkongwe, kuta za mawe na chokaa nene kama urefu wa mkono. Seva iliwekwa lilipokuwa jiko, chini ya kulabu za kutundikia nyama. Hewa ya bahari ilikula vichwa vya waya kama mchwa anavyokula mlango, na kwa mwaka wa kwanza zana yangu kubwa ilikuwa mswaki. Nasema hivi kwa sababu kila anayekuja na shahada huuliza zana zetu ni zipi. Mswaki, spiriti, koleo ya kubania waya, tochi. Mengine yamo ndani ya mashine na hayashikiki.

Siku ya kwanza nilipelekwa masjala, chumba cha mafaili, kwa Bi Zuwena. Yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa mafaili yote ya wagonjwa.

"Shikamoo, Bi Zuwena."

"Marahaba. Ndiye wewe fundi uliyeletwa kuyafukuza mafaili yangu?"

"Mimi nimekuja kufunga antena tu."

"Wote huja kufunga kitu tu."

Alikuwa na kanuni mbili. Ya kwanza, faili halitoki kwenye rafu mpaka kibao cha mti kiingie nafasi yake, kimeandikwa nani kalichukua. Ya pili, hapana kufuta. Ukikosea, unapiga mstari mmoja juu ya kosa, lisomeke bado, unatia saini, unaandika sahihi chini yake. Karani mmoja aliwahi kutumia wino mweupe wa kufutia. Bi Zuwena aliichukua ile chupa akaimwaga kwenye sinki mbele ya wote, akamwambia, "Kosa nalo ni kumbukumbu. Ukilifuta, umemdhulumu atakayekuja kutafuta ulipokosea." Nilimsikiliza kwa heshima. Moyoni nilijiambia kuwa hayo ni maradhi ya karatasi, na mimi nimekuja na dawa.

Kumbukumbu zikaingia kwenye kompyuta, kidogo kidogo, na Bi Zuwena mwenyewe akazihakiki jina kwa jina. Kisha hospitali ikafungua zahanati Paje. Kule kuna wakulima wa mwani wanaokatwa miguu na mawe na mashokomo, viumbe wa baharini wenye miiba, na kuna wageni wanaovutwa na matiara, vishada vyao vikubwa, juu ya maji mpaka wakaanguka vibaya. Mgonjwa wa Paje huenda kesho akalazwa mjini, kwa hiyo kumbukumbu yake lazima iwe pande zote mbili. Njia ya kuzifikisha ilikuwa redio, kutoka paa letu mpaka mnara wa katikati ya kisiwa, kisha Paje. Mvua ikinyesha, njia hukatika.

Hapo ndipo lilipokuja suala la kuchagua. Njia zilikuwa tatu, na bado ni hizo hizo, hata mkizipa majina mapya.

Ya kwanza: seva moja ndiyo bwana, nyingine inanakili tu. Mjini panaandikwa, Paje panasomwa. Ni salama, lakini redio ikikatika muuguzi wa Paje anakaa na mgonjwa mbele yake na hawezi kuandika kitu. Ya pili: seva zote mbili zinaandika, lakini hakuna neno linalokubaliwa mpaka upande wa pili ujibu kuwa umelipata. Hapo hazitofautiani kabisa, na yakikatika mawasiliano zinanyamaza zote mbili. Ya tatu: kila upande unaandika kwa uhuru wake, na zinapopatana kwenye redio zinabadilishana yaliyoandikwa.

Mimi nilitaka ya tatu. Nilikwenda masjala kumweleza Bi Zuwena, na nakiri nilikwenda kujionyesha.

"Na wote wawili wakiandika jalada la mtu mmoja?" aliuliza.

"Aliyeandika mwisho ndiye anayeshinda. Jalada lake linakaa juu ya la mwenziwe."

"Nani ajuaye aliyeandika mwisho?"

"Saa, Bi Zuwena. Kila jalada linapigwa muhuri wa saa. Saa haina upendeleo."

"Saa ya nani?"

Nikacheka. Nilidhani ni swali la mtu asiyejua mashine.

Siku tuliyoiwasha sitaisahau. Nilikaa Paje mbele ya kompyuta, simu sikioni, Bi Zuwena yuko mjini mbele ya yake. Nikaandika jina langu, Makame, nikabonyeza. Nilikuwa sijaondoa kidole aliponiambia, "Umeshafika." Hakusema limefika. Nikatoka nje nikatazama juu ya minazi, pale ambapo jina langu lilipita, na hapakuwa na kitu isipokuwa anga. Nilikuwa nimekwishafunga antena pwani nzima na nilijua hesabu ya mawimbi yale. Hata hivyo nilisimama pale muda mrefu. Mpaka leo sijui kuandika neno pahala pamoja likawa pahala pawili bila ya kushtuka kidogo.

Katika furaha ile nikafanya jambo moja la ziada. Kompyuta ya Paje ilikuwa kuukuu, na betri yake ndogo ya saa ilikuwa dhaifu. Umeme ukikatika kwa muda mrefu, ikiwaka ilikuwa imesahau saa. Nikaandika programu fupi ya kumuuliza muuguzi. Na kwa kuwa nilichukia mashine zinazowasemesha watu wetu Kiingereza, nikaiandika kwa Kiswahili. Ilisema: Asalaam alaikum. Sasa ni saa ngapi? Nilijipongeza sana kwa ile salamu.

Muuguzi mkuu wa Paje alikuwa Bi Kazija. Alikuwa hodari wa kazi, na alichapa kwa kidole kimoja, akiitazama kila herufi kabla ya kuibonyeza kama anayechagua samaki. Hakuwahi kukosea jina.

Ikapita miezi mingi ya salama. Kisha asubuhi moja Daktari Haji wa wodi ya wanawake akanipigia simu nishuke haraka. Nilimkuta amesimama kando ya kitanda, sindano iko kwenye sinia, na uso wa mtu anayecheleweshwa. Kitandani alikuwa mama wa makamo, mkulima wa mwani wa Paje, jina lake Mashavu. Mguu wake ulikuwa umevimba mpaka gotini kwa kidonda kilichoingia sumu. Alikuwa na homa kali, na Daktari Haji alitaka kumpa penisilini bila ya kungoja zaidi.

"Nimemuuliza kama kuna dawa inayomdhuru," alinambia. "Anasema jibu limo kwenye kompyuta. Kwenye kompyuta hakuna kitu."

Nikatazama. Palipoandikwa mzio wa dawa, paliandikwa: hakuna.

"Mama," nikasema, "ingekuwa limeandikwa lingekuwepo. Kama halipo, halikuandikwa."

Mashavu akanigeuzia macho. Alikuwa akitetemeka, lakini sauti yake ilikuwa shwari.

"We ndiye mwenye hii kompyuta?"

"Naam."

"Basi imekudanganya. Mie nilikuwepo. Juzi kule Paje nlidungwa sindano, nikavimba uso, roho ikataka kutoka. Bi Kazija akanirejesha kwa sindano nyengine. Jicho moja lilikuwa limefunga, nikamuona kwa la pili anaandika. Herufi moja, herufi moja. Nikamwambia, Bi Kazija, utamaliza leo? Akanambia, nyamaza, nnakuandikia usije ukafa."

"Dawa gani hiyo iliyokudhuru?" aliuliza Daktari Haji.

"Jina lake mie nijulie wapi? Nliambiwa limeshaandikwa."

Mama huyu hakushika jina la dawa kwa sababu tulimwambia hana haja ya kulishika. Sisi tulikuwa tumejitwisha kulikumbuka kwa niaba yake.

Daktari Haji akafunika ile sindano. "Mpigie Paje," alisema. "Nitakupa muda mdogo sana, mguu huu haungoji."

Nikampigia Bi Kazija palepale wodini. Nikamwomba alifungue jalada la Mashavu asome penye mzio. Nikasikia kidole kikibonyeza, herufi moja moja.

"Pameandikwa hakuna," alisema. Kisha, polepole, "Niliandika, Makame. Wallahi niliandika. Penisilini, asipewe tena maishani. Au nimechanganyikiwa mimi?"

Nikamrudia Daktari Haji na neno lile moja, penisilini. Aliichukua sindano pamoja na sinia lake akaitoa wodini mwenyewe, akarudi na dawa nyengine. Mashavu akadungwa, akalala. Mimi nikaenda jikoni kwenye seva, simu bado mkononi.

Seva ile ilikuwa na daftari la ndani ambalo hakuna aliyelisoma: orodha ya majalada yaliyokataliwa kwa kuwa yamepitwa na mapya. Nililifungua. Na lilikuwemo. Jalada la Mashavu, na maneno ya Bi Kazija yote, na muhuri wa 4:10. Limekataliwa. Lililolishinda ni la mjini la siku ileile, muhuri wa 8:30, mumewe Mashavu alipopita mapokezi kubadilisha namba ya simu. Jalada zima lenye namba mpya ya simu lilikaa juu ya jalada zima lenye uhai wa mkewe.

Bi Kazija alikuwa bado kwenye simu.

"Uliandika saa ngapi?" nikamuuliza.

"Saa nne na dakika kumi. Nilitazama, kwa sababu ya ile sindano ya kumrejesha."

Nne na dakika kumi. Na muhuri ni 4:10. Kwa pumzi moja nilifurahi kuwa zinalingana. Pumzi ya pili nywele zikanisimama.

"Si saa kumi ya alfajiri, Bi Kazija?"

"Zahanati alfajiri kuna nani? Saa nne asubuhi, jua hilo linatutoa jasho."

"Na kompyuta inasema saa ngapi sasa hivi?"

"Saa tano kasorobo. Na ndiyo saa tano kasorobo. Tokea ule umeme ulipokatika siku mbili imekuwa inasema kweli. Zamani ilikuwa haishiki saa yetu, nikadhani mumeitengeneza."

Umeme ulipokatika, betri ilisahau. Ulipowaka, mashine ikamsalimu Bi Kazija na kumuuliza kwa Kiswahili kuwa ni saa ngapi, na yeye akaijibu kwa Kiswahili: saa moja na robo. Jua limechomoza, saa ya kwanza ya mchana imepita na robo yake. Hakuna Mswahili duniani atakayesema jibu hilo ni kosa. Mashine ikalipokea kuwa saa moja na robo ya usiku wa manane wa Wazungu, ikarudi nyuma saa sita, na tangu hapo kila kilichoandikwa Paje kilifika mjini kimezeeka kwa saa sita. Panapokutana mawili ya siku moja, la Paje ndilo lililozikwa.

"Mbona hukuandika saa ya kimataifa?" nilimuuliza, na nilijua ni swali la kujitetea. "Unaijua vizuri."

"Naijua. Wewe ungeniuliza kwa Kiingereza, ningekujibu kwa Kiingereza. Uliniuliza kwa adabu, na salamu juu, nikakujibu kwa adabu."

Nimetengeneza mambo mengi maishani, na sijaona tena hitilafu ambayo kila aliyehusika alisema kweli. Mashine ilisema kweli, muuguzi alisema kweli, jua lilisema kweli. Mimi peke yangu ndiye niliyesimama katikati ya hesabu mbili za siku, nikatafsiri swali na kusahau kutafsiri jibu.

Siku hiyo hiyo nilikwenda kwa Bi Zuwena na orodha ya majalada yaliyokataliwa, kurasa tatu. Hakunikumbusha alichoniuliza. Alivaa miwani, akavuta kiti, na tukapita jina kwa jina, tukipiga simu kwa kila mmoja. Mwengine alipoteza tarehe ya kurudi kliniki, mwengine kipimo cha sukari. Hakukuwa na aliyedhurika, na hilo lilikuwa bahati, si kazi yangu.

Tulipomaliza nilimwambia nitarekebisha saa ya Paje ifuate ya mjini kwa njia ya redio, ili isimuulize mtu tena.

"Fanya," alisema. "Na siku redio imekatika na saa ikapotea kwa dakika tano tu?"

"Itashinda iliyo mbele kwa dakika tano."

"Kwa hiyo mtu bado atafutwa, ila kwa dakika tano badala ya saa sita. Tatizo si saa, Makame. Tatizo nani kakuruhusu kufuta?"

Ndipo kanuni zake mbili ziliponiingia, baada ya miaka ya kuzisikia. Nikajifungia wiki kadhaa. Mnachokiona leo ndicho kilichotoka humo. Njia ni ileile ya tatu, kila upande unaandika, lakini hakuna jalada linalokaa juu ya jingine. Kila badiliko ni mstari mpya chini ya ule wa zamani, wenye namba ya upande wake na saini ya aliyeandika: Paje moja, Paje mbili, Mjini moja. Redio ikirudi, mistari inaungana tu. Saa imebaki kama pambo. Pande mbili zikisema mambo yasiyopatana, mashine haichagui. Inaonyesha yote mawili kwa rangi nyekundu na kumngoja mtu mwenye jina aamue na atie saini. Na mzio hauondoki kwa mstari wowote mpaka daktari aukate, nao ukikatwa unasomeka bado. Ndiyo maana ni wa polepole. Ndiyo maana ni wa kizee. Mkitaka kuchagua mwingine, jiulizeni kwanza: redio ikikatika leo, ni nani atakayepotea, na atajuaje kuwa amepotea?

Siku ya kuujaribu nilikwenda Paje. Mashavu alikuwepo kwa kufungwa kidonda. Mguu ulikuwa umepungua, anakanyagia kisigino. Nilimwomba jalada lake liwe la kwanza. Akasema kama ni la kupotea lipotee yeye akiwapo.

Nilizima redio kwa makusudi. Nikamwomba Bi Kazija airudishe saa ya kompyuta kwenye saa yake, ya Kiswahili. Akanitazama.

"Una hakika?"

"Iandike kama unavyoijua."

Akaandika. Kisha, kidole kimoja, herufi moja moja, akaandika mstari wa penisilini upya. Mjini, Bi Zuwena akaandika mstari wake katika jalada lilelile, namba nyengine ya simu. Nikawasha redio. Tukangoja. Mashavu alikuwa amesogeza kiti mpaka goti lake likagusa meza.

Simu ikalia. Ilikuwa Bi Zuwena, na hakusalimia. Akasoma kutoka kioo cha kompyuta yake: "Mjini moja, namba ya simu. Paje moja, penisilini, asipewe tena maishani, Kazija." Na kwenye kioo chetu mistari ilikuwa ileile miwili, mmoja chini ya mwingine, hakuna uliomgusa mwenziwe. Nimeona bahari za miji mingi na sijaona kitu kizuri kama mistari ile miwili.

"Sasa imekaa?" aliuliza Mashavu.

"Imekaa. Hapa na mjini."

"Hebu lisome hilo jina."

"Penisilini."

"Pelisini."

"Pe-ni-si-li-ni."

Akalirudia. Akakosea, Bi Kazija akamsahihisha, akalirudia tena akitazama ukuta, midomo ikienda bila ya sauti. Nilimwambia hana haja ya kulihifadhi, sasa halitapotea tena.

"Na siku ile uliniambia halikuandikwa," alisema, bila ya hasira. Akainuka, akajaribu mguu, akalisema mara nyengine bila ya kukosea. Mlangoni mumewe alikuwa anamngoja, na kabla hawajafika njiani nilimsikia anamfundisha.